Utabiri au Makadirio? Neno Moja la Chumba cha Upasuaji

Miongoni mwa maneno ya utabibu ambayo wafasiri wetu wameyapokea bila kuyahoji, neno "utabiri" lastahili kutazamwa kwanza. Mfasiri apewapo maandishi yahusuyo upasuaji wa dharura wa utumbo mwembamba, huelekea kuandika "kutabiri matokeo ya mgonjwa", akaendelea na kazi yake. Kwa sarufi hana kosa. Kosa limo masikioni mwa asikiaye.

Mgonjwa ambaye utumbo wake umeziba, umejisokota, au umetobolewa na homa ya matumbo, hana siku nyingi za kungoja. Jamaa zake humteremsha kutoka Akeri au Oldonyo Sambu, kwenye miteremko ya Mlima Meru, hadi Arusha mjini. Huko huenda ikawa mjukuu ndiye awaelezaye wazee, kwa Kimeru au Kimaasai, jambo ambalo daktari amelisoma kwa Kiingereza na kulisema kwa Kiswahili. Neno lipitalo mikono mingi kiasi hicho hapana budi liwe gumu kupotoshwa.

Sasa, mtabiri ni nani? Ni mwenye kuyajua yajayo, iwe kwa ramli au kwa nyota. Mamlaka ya Hali ya Hewa imelituliza kidogo neno hili, lakini mvua ikikosa kunyesha hatumshtaki mtu. Daktari akisema "tunatabiri", mzee husikia hukumu, na ridhaa atakayoitia sahihi huwa ya mtu aliyekwisha kukata tamaa. "Ubashiri" nao si bora: asili yake ni habari njema, na leo makazi yake ni vibandani, vijana wanakobashiri matokeo ya mpira. "Kuagua" kuna maana ya kuponya na ya kupiga ramli pia, tukuache.

Afanyacho daktari si ramli hata kidogo, bali ni hesabu. Tangu mwaka 1941 wataalamu wa nusukaputi wa Marekani walianza kuwapanga wagonjwa kwa madaraja kulingana na hali zao kabla ya kupasuliwa. Mwaka 1991 Waingereza wakatoa kipimo kiitwacho POSSUM (ambalo kwa lugha yao ni pia jina la mnyama ajulikanaye kwa kujifanya amekufa, sijui nani alilichagua), kinachojumlisha mambo 12 ya hali ya mwili na 6 ya upasuaji wenyewe. Mfano wa hapa nchini watoka Bugando, Mwanza, ambako madaktari walichapisha mwaka 2012 habari za wagonjwa 104 waliotobolewa utumbo na homa ya matumbo. Takriban 23 katika kila 100 walifariki, na kuchelewa kupasuliwa kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoambatana na vifo hivyo. Basi hali ya wengi waliotangulia ndiyo anayopimiwa mmoja aliye kitandani.

Kwa kazi hiyo Kiswahili kina neno tayari: makadirio. Afisa yeyote aliyepata kuandaa makadirio ya mapato na matumizi anajua kwamba hutokana na takwimu za miaka iliyopita, kwamba hurekebishwa habari mpya zikifika, na kwamba mwaka ukiisha ukweli huwa juu au chini yake. Napendekeza basi "kukadiria matokeo ya upasuaji". Watakuwapo watakaosema neno hili lina udugu na "kadari", iliyoandikwa na Mwenyezi Mungu. Kwa asili ni kweli, lakini matumizi yamekwisha kuyatenga. Hakuna aonaye makadirio ya halmashauri kuwa kadari, ingawa wapo wahasibu ambao wangependa iwe hivyo.

Hata hivyo neno zuri ndani ya sentensi mbovu halisaidii. "Hatari ya mgonjwa ni asilimia 20" ni Kiingereza kilichovikwa kanzu. Afadhali muuguzi aseme: "Mama, tuseme wagonjwa 100 wangeletwa hapa wakiwa na hali kama ya baba. Themanini wangerudi nyumbani, ishirini wangefariki. Hatuwezi kujua baba yumo katika kundi lipi." Ni maneno mengi, na nafasi kwenye fomu ni finyu. Iongezwe.

Liko na jambo la saa, ambalo wafasiri wa fomu hulipita haraka mno. Makadirio hutegemea kujua maumivu yalianza lini. Ndugu wa mgonjwa akijibu "saa nane usiku", na mwandishi akaandika 8 kwenye karatasi ya Kiingereza, saa sita zimepotea papo hapo. Akijibu "usiku wa Ijumaa", mambo ni mazito zaidi: kwa hesabu ya kale ya Waswahili siku huanza jua linapotua, hivyo usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa; wengine leo huuelewa kuwa ule uanzao Ijumaa jioni. Tofauti ni siku nzima, na utumbo uliokosa damu hauvumilii siku nzima. Fomu isiulize tu "Lini?" Iulize: "Maumivu yalianza usiku wa kuamkia siku gani, au mchana wa siku gani?"