Mkutubi Anaposema "Soma Hiki": Uhakiki wa Istilahi Moja

Katika maktaba za umma za nchi mbalimbali imezuka desturi ya kutenga rafu moja karibu na mlango, pakapangwa vitabu vichache ambavyo watumishi wenyewe wamevisoma na kuona kwamba vyafaa kusomwa na wengine. Kila kitabu hubandikwa kadi fupi yenye maneno ya aliyekichagua. Penye filamu na muziki, navyo hutendewa vivyo hivyo. Desturi hii ni njema, na wakutubi wetu wanaoifuata wanastahili kupongezwa. Lililo gumu ni jina lake. Makala haya yanakusudia kuyahakiki majina yanayotumika kwa desturi hiyo katika Kiswahili, pamoja na lugha ya kadi zenyewe, kwa kuwa jina lisilofaa huzaa kadi isiyofaa.

Dhana yenyewe si ngeni katika taaluma ya ukutubi. Samuel Green, mkutubi wa mji wa Worcester nchini Marekani, aliandika mwaka 1876 juu ya haja ya mkutubi kuzungumza na msomaji ana kwa ana na kumsaidia kupata anachokitafuta. Katika miaka ya 1920 maktaba za Chicago, Detroit na Cleveland zilikuwa na watumishi maalumu wa kazi hiyo. Naye Ranganathan wa Madras, katika kanuni zake tano alizozichapisha mwaka 1931, alisema kwamba kila msomaji ana kitabu chake na kila kitabu kina msomaji wake. Anayewakutanisha wawili hao ni mkutubi. Swali letu ni hili: anapowakutanisha, anatenda tendo gani kwa Kiswahili?

Jibu la haraka, na ndilo linaloandikwa mara nyingi, ni kwamba *anapendekeza*. Hapa mfasiri amefuata kamusi bila kutazama matumizi. Kiingereza kina neno moja ambalo tume ya uchunguzi hulitumia kwa Serikali, daktari kwa mgonjwa, na rafiki kwa rafiki yake anapomsifia filamu aliyoitazama jana. Kiswahili hakikuzichanganya hali hizo tatu. Neno *pendekezo*, jinsi linavyotumika katika ofisi na mikutano yetu, hupanda ngazi. Kamati humpendekezea Waziri. Mjumbe hupendekeza hoja ili mkutano uikubali au uikatae. Pendekezo hungoja jibu. Tume ya Rais ya Elimu, iliyojulikana kwa jina la Mwenyekiti wake, Jackson Makweta, ilipopendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia katika shule za sekondari mwaka 1985, kila mtu alifahamu kwamba neno hilo lilidai uamuzi wa wakubwa, na uamuzi ulipokuja haukuwa ule tuliokuwa tukiutamani wengi wetu. Hata mnyambuliko wa neno hili una harufu ya kutazama juu: anayejipendekeza hajipendekezi kwa aliye chini yake.

Sasa neno hilo likiandikwa juu ya rafu, msomaji afahamu nini? Katika maktaba moja niliyoitembelea, rafu ya namna hiyo iliandikwa "Mapendekezo ya Vitabu", na hatua tatu tu kutoka hapo palikuwa na sanduku lililoandikwa "Mapendekezo", ambamo wasomaji hutumbukiza maombi ya vitabu vinunuliwe. Neno moja limetumika kwa njia mbili zinazopishana: huku mtumishi akisema na msomaji, kule msomaji akisema na wakuu wa maktaba. Kiunganishi *-a* nacho hakisaidii. "Mapendekezo ya wasomaji" ni yale wanayoyatoa au wanayopewa? Kwa mujibu wa sarufi yetu, ni yote mawili.

Wapo walioona tatizo hilo wakakimbilia *uteuzi*, na vitabu vyenyewe wakaviita *vitabu teule*. Kosa hili ni kubwa kuliko la kwanza, maana lina waathirika. Mwanafunzi wa sekondari aonapo maneno "kitabu teule" hafikirii kitabu kizuri; hufikiria kitabu cha mtihani wa fasihi. Atakiazima, atakiandikia muhtasari wa dhamira na wahusika, kisha atamuuliza mwalimu kwa nini hakikufundishwa. Rafu iliyokusudiwa kumtoa kijana katika hofu ya mtihani inamrudisha humo humo. Huko tulikotoka tuna *vitabu vya kiada* na *vitabu vya ziada*, istilahi zilizofanikiwa sana. Lakini mafanikio yake yamewafanya vijana wengi wadhani kwamba kila kitabu cha Kiswahili hakina budi kuwa kimojawapo.

*Elekezo* halifai hata kujadiliwa. Maelekezo hutoka juu na hutekelezwa. *Dokezo* ni neno zuri, ila watumishi wa Serikali wamekwisha litwaa: kwao dokezo ni karatasi ya ndani ya jalada, na mtumishi atakayelikuta rafuni huenda akatafuta mahali pa kutia saini. *Nasaha* lingekuwa jepesi zaidi kama halingefungamanishwa na vyumba vya hospitali kwa jina la *ushauri nasaha*. *Chaguo la mkutubi* lina sifa moja ya kweli, nayo ni kwamba linataja mtu. Upungufu wake ni kwamba linaishia kwa mkutubi: amechagua, basi. Msomaji hayumo.

Ninaloliunga mkono ni *ushauri*. Shauri halipandi wala halishuki; huenda bega kwa bega, na anayeshauriwa hubaki na hiari yake. Juu ya hayo, kitenzi chake hakijifungi kwa kitabu: nashauri usome, nashauri utazame, nashauri usikilize. Nomino moja inatosha kwa karatasi, filamu na muziki, jambo ambalo muundaji wa istilahi hulitafuta sana na hulipata kwa nadra. Huduma nzima iitwe *ushauri kwa wasomaji*, na *kwa* hiyo isibadilishwe kuwa *wa*, kwa sababu niliyokwisha itaja.

Najua pingamizi zitakazoletwa. Itasemwa kwamba shauri ni kesi ya mahakamani. Ni kweli, lakini *ushauri* si kesi. Itasemwa kwamba mtaani "shauri yako" ni maneno ya kumtupa mtu. Ni kweli pia, na ndiyo maana nimesema *ushauri*. Pingamizi lenye uzito ni la tatu: kwamba *mshauri* amekwisha kuwa cheo, na mshauri mwelekezi hulipwa fedha nyingi kwa kuandika ripoti ambayo haisomwi. Kwa hili nashauri (neno limejileta lenyewe) kwamba tusimpe mkutubi cheo kipya. Abaki mkutubi, ushauri uwe kazi yake.

Tukija kwenye kadi zenyewe, uovu wake mkubwa ni kauli ya kutendwa. "Inapendekezwa wasomaji wasome kitabu hiki kwani ni kizuri na kina mafunzo mengi." Nani anapendekeza? Mafunzo gani? Kadi hiyo yaweza kubandikwa juu ya kitabu chochote, hata cha hesabu, wala pasiwepo atakayeshtuka. Ni lugha ya jalada iliyopotea njia. Anayeshauri hana budi kujitokeza kwa nafsi ya kwanza, aseme na nafsi ya pili, na ataje kitu kimoja kilichomo ndani ya kitabu hicho na si katika kingine. Kwa mfano: "Kama baba yako au babu yako alibeba mizigo bandarini, nashauri usome *Kuli* ya Adam Shafi. Utamwona Rashidi akikua hadi kuingia katika mgomo wa makuli wa Unguja wa mwaka 1948." Hapo msomaji ana la kukubali au kukataa.

Faida ya kuunganisha kitabu, filamu na muziki huonekana zaidi pale ambapo kazi moja inaita nyingine. Atakayeulizia filamu ya *Vuta N'kuvute* ya Amil Shivji ya mwaka 2021, ashauriwe papo hapo riwaya ya Adam Shafi iliyoizaa, iliyochapishwa mwaka 1999. Shaaban Robert aliandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji ambaye kuanzia mwaka 1928 sauti yake ilirekodiwa Bombay katika santuri. Maktaba inayoweka wasifu huo rafuni bila kumwezesha msomaji kusikia japo kionjo cha sauti hiyo imemwachia nusu ya kitabu. Katika kadi hizo neno *kionjo*, ambalo watu wa redio na muziki wamekwisha lizoea, lafaa lipokewe rasmi kwa kipande cha wimbo au cha filamu kitolewacho kumvuta mtu atake kilichobaki.

Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, mwaka ule ule ilipotungwa sheria iliyoanzisha Baraza la Kiswahili la Taifa. Vyombo hivi viwili ni marika, na sioni sababu ya wakutubi kuendelea kujifasiria peke yao miongozo ya kigeni huku maofisa wa istilahi tukisubiri kuletewa orodha. Orodha ya kuanzia ni fupi: *ushauri kwa wasomaji*, *kadi ya ushauri*, *kionjo*. Kadi iwe na jina la aliyeiandika, walau herufi za mwanzo. Na lile sanduku la maombi libandikwe maneno mapya: "Taja kitabu ambacho ungependa maktaba ikinunue." Hapo neno *pendekezo* halihitajiki.