Wiki Kumi na Nne za Theluji: Malezi ya Mtoto wa Mbwa Minneapolis

Katika jiji la Minneapolis, kaskazini mwa Marekani, ambako wastani wa halijoto ya Januari ni takriban nyuzi 9 za Selsiasi chini ya sifuri, kinachomkwamisha zaidi mlezi wa mtoto wa mbwa si baridi yenyewe bali ni kalenda. Mbwa aliyezaliwa katikati ya Oktoba huingia kwa mlezi wake katikati ya Desemba akiwa na wiki 8, na ifikapo wiki ya tatu ya Januari huwa ametimiza wiki 14 ilhali theluji bado imetanda na kwa kawaida itaendelea kuwapo hadi Machi. Tarehe hizo zina uzito kwa sababu ya kile ambacho wataalamu wa tabia za wanyama hukiita kipindi nyeti, yaani muda mfupi wa utotoni ambapo mnyama huzoea watu, sauti na mahali papya kwa wepesi, na ambao ukishapita, kila kigeni huanza kuogopwa kabla ya kuchunguzwa.

Dhana hiyo ilipata nguvu katika Maabara ya Jackson, Bar Harbor, jimboni Maine, ambako John Paul Scott na John Fuller walifanya utafiti wa miaka mingi uliozaa kitabu chao cha 1965. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1961, Daniel Freedman na wenzake waliwalea watoto wa mbwa ndani ya uwanja wenye uzio bila mazoea na binadamu, wakawatoa kwa wiki moja tu katika umri tofauti ili wakae na watu. Waliotolewa wakiwa na wiki 5 au 7 walizoea upesi, ilhali wale ambao hawakutolewa hadi wiki ya 14 walibaki na woga ambao haukuondoka kwa urahisi. Jambo ambalo wasomaji wengi wa jaribio hilo hulipita ni kwamba wiki moja ilitosha. Kilichoamua matokeo kilikuwa wakati wa kukutana na watu, zaidi ya wingi wa siku.

Ugumu huongezwa na chanjo. Kinga dhidi ya parvo, kirusi kinachoshambulia utumbo na kisichouawa na barafu, hutolewa kwa awamu kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka mnyama afikishe angalau wiki 16, kwa kuwa kingamwili alizopata katika maziwa ya mwanzo ya mama zinaweza kuizuia chanjo isifanye kazi. Kwa hiyo kipindi nyeti hufungwa kabla chanjo haijakamilika. Chama cha Marekani cha madaktari wa wanyama wanaoshughulikia tabia kilitoa msimamo mwaka 2008 kwamba mafunzo ya pamoja yanaweza kuanza katika wiki ya 7 au ya 8, mradi siku 7 zipite tangu chanjo ya kwanza. Njia nyingine ni kumbeba mnyama ndani ya koti hadi penye watu, au kuwaleta watu nyumbani. Hapo kuna jambo dogo lisilofaa kupuuzwa: wakati wa baridi binadamu wote wa mitaani ni makoti manene na kofia zilizofunika nyuso, hivyo mgeni anayeingia sebuleni, akavua koti, akaketi sakafuni na kutoa kipande cha nyama, humfundisha mnyama umbo la mtu ambalo barabara haitamwonyesha mpaka Mei.

Kuhusu baridi, hesabu yake ni ya kijiometri. Mwili mdogo una eneo kubwa la ngozi kwa kila kilo ya uzito, na mnyama wa kilo 4 ana karibu maradufu ya eneo hilo akilinganishwa na mbwa wa kilo 30 mwenye umbo kama lake, kwa hiyo hupoteza joto upesi zaidi. Nyayo zenyewe zimejaliwa ustadi wa ajabu, kwani watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2011 kwamba mishipa inayopeleka damu ya moto imezungukwa na ile inayorudisha damu baridi, joto likahama kutoka moja hadi nyingine kabla damu haijarudi mwilini. Ustadi huo, hata hivyo, hauzuii madhara ya chumvi inayomwagwa njiani kuyeyusha barafu, hasa kloridi ya kalisi, ambayo hutoa joto inapoyeyuka na huweza kuunguza ngozi iliyo kati ya vidole, ndiyo maana miguu huoshwa kwa maji vuguvugu mlangoni kila baada ya kutoka.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote iko gerejini. Kulanti, yaani maji ya rejeta yasiyoganda, kwa kawaida huwa na ethilini glaikoli yenye utamu, na ini huibadili kuwa asidi zinazoungana na kalisi na kujenga fuwele ndani ya figo. Kiasi cha takriban mililita 4.4 hadi 6.6 za glaikoli isiyochanganywa na maji kwa kila kilo huweza kuua, maana yake ni kwamba mnyama wa kilo 5 anaweza kufa kwa kulamba vijiko viwili tu vya chakula. Dawa yake, fomepizoli, hukizuia kimeng'enya cha ini kisianze mageuzi hayo, hivyo faida yake hupungua kila saa inayopita.

Burudani ya ndani hutegemea pua na ulimi kuliko mbio. Chakula kilicholowekwa hushindiliwa ndani ya mpira wenye uwazi, kikagandishwa usiku kucha, na mnyama hukilamba polepole mpaka achoke na kulala. Au punje za chakula huviringishwa ndani ya taulo kuukuu, naye akalifungua kunjo kwa kunjo kwa pua. Siagi ya karanga inayopakwa humo yapaswa kusomwa lebo, kwani baadhi ya chapa hutiwa zailitoli, sukari mbadala ambayo kwa mbwa huchochea kongosho kumwaga insulini hata kwa gramu 0.1 tu kwa kilo.

Limebaki suala la haja, ambalo walezi wengi hulikosea kwa nia njema. Mtoto wa mbwa huzoea kujisaidia juu ya aina ya sakafu aliyoianzia, kwa hiyo katika ua uliofunikwa wote, mlezi stadi huchimbua theluji kwa sepetu mpaka nyasi zilizokauka zionekane, kipande cha mita mbili hivi, akampeleka papo hapo kila baada ya kuamka, kula na kucheza. Asiyefanya hivyo hufundisha theluji, na theluji ikiyeyuka mwishoni mwa Machi, mnyama wa miezi mitano husimama uani akinusa nyasi mbichi kwa mashaka, kisha hurudi ndani na kukojoa juu ya zulia jeupe.