Picha ya Gari la Moshi na Mtu Asiyeonekana

Sanaa ya kupiga picha, kama ilivyo sanaa ya ushairi, haina budi kupimwa kwa mizani mbili: uzuri wa umbo na ukweli wa maana. Katika makala haya tunakusudia kuzipima hivyo picha za magari ya moshi ya matembezi, yaani yale yanayovutwa na injini za mvuke zilizokwisha kustaafu, zikatengenezwa upya na kurudishwa relini kwa ajili ya wapenzi wake.

Katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, zimo injini zilizopata bahati hiyo. Nambari 5918 yaitwa Mount Gelai, kwa jina la mlima ulio karibu na Ziwa Natron. Ni mojawapo ya injini 34 zilizoundwa na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester, Uingereza, mwaka 1955 na 1956. Uzito wake wapata tani 250, na kwa reli ya upana wa mita moja haijaundwa aina ya injini ya mvuke iliyozishinda nguvu. Nambari 3020 yaitwa Nyaturu, kwa jina la watu wa Singida. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, lakini majina ya mlima wetu na ya ndugu zetu yamebaki kwa jirani. Kwa hiyo historia ya injini hizi ni yetu sote.

Safari za namna hii duniani zina desturi moja. Gari husimama penye mandhari nzuri. Abiria wenye kamera hushuka na kujipanga kando ya reli. Gari hurudi nyuma, kisha huja mbele kwa kishindo, moshi mweusi umetanda angani. Picha zikishapigwa, abiria hupanda tena na safari huendelea.

Hatukatai kwamba picha hizo zapendeza. Lakini moshi ule, ambao ndio pambo lake, mara nyingi hutolewa makusudi: mchochea moto huombwa azidishe mafuta au makaa kuliko hewa iliyomo tanurini. Kwa mfanyakazi aliyeijua kazi yake, moshi kama huo ulikuwa aibu. Ni dalili ya mafuta yanayopotea bila kuungua vema, na ya masizi yanayoganda mabombani na kuzuia joto lisiyafikie maji. Mchochea hodari alitambulikana kwa moshi mwepesi. Basi picha yasifu kosa, na ustadi wenyewe haumo.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Mpiga picha hungoja watu wote waondoke mbele ya kamera ndipo abonyeze. Hubaki chuma peke yake, kana kwamba kilijiendesha.

Huenda tukaambiwa kwamba injini ndiyo mada, watu hawahusiki. Tujibu kwa mfano wa Mmarekani O. Winston Link, aliyepiga picha za injini za mwisho za mvuke za reli ya Norfolk and Western kati ya mwaka 1955 na 1960. Yeye naye alipanga mambo yake: alipiga usiku, kwa taa nyingi alizozitega mwenyewe. Katika picha yake mashuhuri ya mwaka 1956, gari la moshi lapita nyuma, na mbele wameketi kijana na mwenziwe ndani ya motokaa, wakitazama sinema uwanjani. Hata ndege inayoonekana katika sinema hiyo aliiingiza baadaye. Basi kupanga si kosa. Kosa ni kupanga kwa kumfuta binadamu.

Kwetu kosa hilo lina uzito wa pekee. Reli ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria ilijengwa kati ya mwaka 1896 na 1901. Vibarua wapatao 2,500 walioletwa kutoka India walikufa katika kazi hiyo. Baada yao walikuja madereva, wachochea moto na mafundi wa Afrika Mashariki. Wengi wao hawana kumbukumbu nyingine isipokuwa injini hizi.

Kwa hiyo, mwalimu anapowaonyesha wanafunzi wake picha ya injini ya mvuke, asiishie kuwauliza ina magurudumu mangapi. Awaulize: moto huu umewashwa na nani? Na mwanafunzi akibahatika kulipanda gari kama hilo, kabla ya kuinua kamera aende mbele akaamkie. Atamkuta mtu mwenye masizi usoni. Huyo ndiye wa kwanza kustahili picha.