Tazama Bega la Tairi

Jumamosi ya juzi nilikuwa kwenye maegesho ya Dubai Autodrome, karak mkononi, nikaona watu kumi na kitu wameizunguka Toyota 86 nyekundu, simu juu. Rimu zake inchi 19 kwa upana wa 9.5, nyeusi ya kung'aa, na tairi 215/35 limevutwa juu yake mpaka ukuta wake umelala kama ngozi iliyowambwa kwenye ngoma. Tairi la kipimo hicho halitakiwi kupanda rimu inayozidi inchi 8.5. Lakini kila aliyepita alisema mashallah, gari limesimama! Mwenye gari, kijana wa Maskati ambaye babu zake wametoka Unguja, aliniamkia kwa adabu zote, kisha akauliza, "Ami, unaionaje?" Nikamwambia nimeiona.

Limesimama. Neno hili limeniudhi kwa miaka mingi. Gari la barazani na lisimame litakavyo. Gari la kuingia uwanjani linatakiwa kukimbia, kupinda na kushika breki, tena mara ishirini mfululizo katika joto la huku, ambapo lami mchana inaunguza mkono. Nimefunga matairi miaka ishirini na sita, sita ya kwanza Mombasa, iliyobaki hapa Al Quoz, na sijapata kuona gari lililoshinda kona kwa sababu ya picha.

Swali la kwanza la kila mteja ni hili: niweke inchi ngapi? Ana maana ya kimo cha rimu. Basi nijibu mara moja, nipumzike. Kimo cha rimu kinaamuliwa na breki. Rimu ndogo kabisa inayopita juu ya kaliper bila kugusa, hiyo ndiyo yako. Gari la Formula One, lenye kasi kuliko yote utakayoyaona maishani, lilikwenda na rimu za inchi 13 miaka na miaka, hadi mwisho wa 2021. Mwaka 1976 Tyrrell walileta gari la magurudumu sita, manne ya mbele yakiwa ya inchi 10, kama ya toroli, na Jody Scheckter akashinda nalo Anderstorp kule Sweden. Mwaka 2022 Formula One wakahamia inchi 18. Wana sababu zao, mimi sikuulizwa.

86 ya kwanza, ile ya 2012, ilitoka na 215/45R17 juu ya rimu ya upana wa inchi 7, na tairi lenyewe lilikuwa aina ileile iliyofungwa kwenye Prius. Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu waliolitengeneza walitaka gari liteleze kidogo, dereva afurahi kabla hajafika kasi ya kumuua. Barabarani ni hekima. Uwanjani, kwenye ule mzunguko mkubwa wa kilomita 5.39, tairi lile linachemka kabla hujapata joto wewe mwenyewe. Kwa hiyo tunabadilisha. Na hapa ndipo wengi wanapotea, maana wanabadilisha kimo wakati kilichopungua ni upana.

Tena si upana wa tairi peke yake, ni upana wa rimu chini ya tairi. Hili ndilo jambo ambalo mgeni wa kazi hii halioni hata ukimshika kichwa umwelekeze. Anasoma 245 ubavuni mwa tairi, anatosheka. Haulizi 245 hiyo imekalia nini.

Aliyenifundisha kuuliza alikuwa mzee mmoja wa Kipemba aliyetutangulia hapa Dubai, fundi wa mkono mwepesi na ulimi mzito. Mteja akija kulalamika kwamba gari linakimbia pua kwenye kona, mzee hakuligusa gari. Alimchuchumaza mteja nyuma ya gurudumu, bwana mkubwa na kanzu yake nyeupe, akamwambia tazama. Tazama ukuta wa tairi unavyoshuka kutoka begani hadi mdomo wa rimu. Ukiwa umetokeza nje kama shavu la mtu anayepuliza zumari, rimu ni nyembamba. Ukiwa umeingia ndani, mdomo wa rimu ukatangulia, tairi limevutwa. Unaotakiwa ni ule unaoshuka karibu wima, na ukiegemeza rula ya chuma kwenye mdomo wa rimu, tairi lipite rula kwa unene wa kucha ya kidole gumba.

Halafu alitoa chaki ya njano, ile ya kuandikia matairi. Alichora mistari mitatu kwenye kila tairi, kutoka usoni, ikapita begani, ikashuka ukutani. Nenda mizunguko mitatu, nenda kwelikweli, kisha rudi hapa. Gari likirudi, mistari ndiyo iliyosema. Kwenye bega la matairi mengi kuna alama ndogo ya pembetatu. Chaki ikifutika mpaka kwenye ncha ya pembetatu na kukoma hapo, tairi limefanya kazi yake yote wala halikuomba msaada. Ikifutika chini ya pembetatu, tairi limebingirika juu ya rimu yake, linatembea kwa ubavu, ama kwa sababu upepo ni mdogo ama kwa sababu rimu ni nyembamba. Ongeza upepo kidogo, chora tena. Ikifutika vilevile, ni rimu. Na ikibaki begani nzima, njano imekaa kama ilivyochorwa, basi umelipia tairi zima unatumia nusu, na hilo utalikuta kwenye matairi ya kuvutwa karibu kila mara.

Baada ya chaki, kiganja. Tairi likiwa bado la moto lakini la kushikika, pitisha kiganja usoni kutoka ndani kwenda nje, kisha kutoka nje kurudi ndani. Aliyewahi kumshika papa sokoni anajua ninachosema. Ukimpapasa kuelekea mkiani ni laini, ukirudi anakukwaruza. Tairi likikukwaruza upande mmoja tu, magurudumu yako hayatazami mbele sawasawa, na hakuna kipimo cha rimu kitakachokuokoa mpaka upige alaimenti. Nimeona watu wakiuza seti nzima ya matairi mapya kwa kuyalaumu bure, kumbe kiganja kingewaambia.

Kitabu cha matairi kinasema 245/40R17 linapanda rimu ya inchi 8 hadi 9.5, na linapimwa kiwandani juu ya 8.5. Mimi nasema 9. Kwa 86 ya uwanjani ni 17 kwa 9, tairi 245/40, magurudumu yote manne sawa, na sitaki majadiliano. Kimo cha tairi kinabaki karibu kilekile, milimita 628 badala ya 625, kwa hiyo gia haziharibiki na saa ya mwendo haikudanganyi. Yuko bwana aliyefunga 245 juu ya 7.5 kwa sababu "limeingia". Kuingia limeingia. Rafiki yake mwenye 225 juu ya inchi 8, gari lilelile, injini ileile, alikuwa akimpita kwenye kila kona ya kulia, na bwana yule alibadilisha shokomzoba, akabadilisha springi, akabadilisha na dereva, yaani alimpa mwanawe aendeshe. Rimu hakubadilisha.

Wenye kutaka 265 na 275 kwenye gari la farasi 200 nawaambia wakanunue kwanza farasi.

Ofseti sasa, kwa ufupi, maana hesabu yake ni ya darasa la tano ingawa inawashinda watu wazima. Rimu ya kiwandani ni 17 kwa 7 yenye ofseti 48. Ukiweka 17 kwa 9 yenye 45, umeongeza inchi moja kila upande, milimita 25.4, na umesogeza rimu nje milimita 3. Ndani itaingia 22.4 zaidi, nje itatoka 28.4 zaidi. Chukua rula, pima nafasi kati ya tairi la zamani na shokomzoba, pima na madigadi, utajua kabla hujatoa pesa. Magurudumu ya mbele yaliyoinamishwa ndani digrii mbili na nusu yataingia chini ya madigadi bila kuikwangua, na kwa uwanjani unayahitaji yainame hivyo hata bila rimu mpya. Anayekwambia chukua ofseti yoyote kisha tutaweka spesa, muulize kama na meno yako anataka kuyawekea spesa.

Halafu kuna mtego wa 86 ambao umewala wengi. Beji ni Toyota, lakini gari limetengenezwa na Subaru, na hubu yake ni ya Subaru, milimita 56.1. Nati tano kwenye duara la 100, sawasawa na Toyota kadhaa za zamani, ambazo tundu lake la kati ni 54.1. Mtu ananunua rimu ya Celica, anahesabu matundu, matano, anafurahi, akifika gereji haiingii. Nati nazo ni 12 kwa 1.25, si 1.5. Nati ya Toyota inashika nyuzi mbili za mwanzo kama imekubali, na msaidizi mwenye haraka akiipiga bunduki ya upepo, stadi imekwenda. Nati ya kwanza daima ni kwa vidole. Gereji usiyoona fundi akianza kwa vidole, ondoka, hata kama wana kahawa nzuri.

Wadanganyifu hawaishi. Mzee wa Kipemba alikuwa na mizani ya ndoana, ile ya wauza samaki, aliyoinunua Deira. Kila rimu iliyoingia dukani ilitundikwa kama jodari. Siku moja alikuja muuzaji na seti ya rimu za TE37, shaba, stika zote mahali pake, karatasi zote, bei ya urafiki. Rimu hiyo ilizaliwa 1996, na namba 37 ni uzito wake: ile ya kwanza ya 15 kwa 6 ilikuwa kilo 3.7. Kilo tatu na pointi saba! Mzee akatundika moja ya 17 kwa 9. Mizani ikasema 11. Ya kweli ya kipimo hicho haifiki 9. Mzee hakusema neno, akaishusha, akaigonga kwa spana, ikatoa sauti ya sufuria. Muuzaji akasema labda ni rangi ndiyo nzito.

Kwenye matairi mtazame mtu anakuficha upande gani. Namba nne za wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 2319, yaani wiki ya 23 ya 2019, mara nyingi zimepigwa upande mmoja tu wa tairi, na mjanja hulifunga hizo zikitazama ndani. Lala chini na tochi. Suruali itachafuka, haidhuru.

Upepo nisiuache. Kila nyuzi 5 au 6 za joto hupandisha karibu paundi moja. Anza na 26 au 27 asubuhi tairi likiwa baridi, utarudi na 33, na hapo pazuri. Anayeanza na 34 kwa sababu kibandiko cha mlangoni kimesema, atajikuta anacheza dansi.

Mengine ni heshima tu. Rimu ya uwanjani iwe nyeupe au ya shaba, ufa uonekane. Nyeusi ni ya kuficha. Rimu yenye skrubu za mapambo pembeni usiinunue. Gari lisilofika kilo 1,300 halistahili inchi 18, hata kama kiwanda chenyewe kimeanza kuziweka. Zamani kijana alikuja na rimu ya 15 aliyoidunduliza mwaka mzima, anaipakata mapajani njia nzima kama mtoto. Siku hizi ni 20 kwa mkopo, na zinakwenda kununua mkate.

Yule kijana wa Maskati aliingia uwanjani saa nne. Mzunguko wa nne akarudi polepole, taa za hatari zinawaka. Alikuwa amepanda ule ukingo mwekundu na mweupe kidogo tu, kama kila mtu anavyoupanda, lakini ukuta wa tairi lake una milimita 75, na kwa jinsi ulivyovutwa hauna hata hizo. Mdomo wa rimu ulikuwa umekunjika urefu wa kiganja na upepo wote umetoka. Wapiga picha walikuwa wameshahamia kwenye gari jingine.

Nilimpigia jeki, nikamfungia gurudumu la akiba la rafiki yake. Alipokuwa akisubiri alizunguka nyuma ya gari langu, akachuchumaa bila kuambiwa, akakaa hapo muda mrefu. Kisha akapitisha kidole kwenye mistari ya njano niliyokuwa nimeichora asubuhi, iliyokatika palepale kwenye pembetatu.

"Ami, chaki hii inauzwa wapi?"