Kisigino cha Jack Nicklaus

Mchezaji gofu Jack Nicklaus anapopandisha fimbo ndefu, kisigino chake cha kushoto huachana na majani. Goti la mguu huo huingia ndani, nyonga hugeuka, na mgongo huelekea kule mpira unakotakiwa kwenda. Walimu wengi wa gofu wa siku hizi wangemwambia akibakize chini. Mimi naona kisigino hicho ndicho kilichobeba pigo lote.

Sababu iko kwenye mifupa. Pingili 5 za kiunoni zinamudu vizuri kuinama na kuinuka, lakini kwa kujipinda, zote kwa pamoja hazivuki sana nyuzi 10 hadi 15. Anayetaka mabega yake yageuke nyuzi 90 hana budi kuutafuta mzunguko huo kwingine: mgongo wa juu, penye mbavu, na maungio ya nyonga. Kisigino kikiinuka, nyonga hupata nafasi ya kuzunguka zaidi, na kiuno hupunguziwa mzigo. Aprili 1986, akiwa na miaka 46, Nicklaus alimaliza mashimo 9 ya mwisho ya uwanja wa Augusta kwa mapigo 30 na kutwaa taji lake la 6 la mashindano ya Masters. Mwili wake haukusalimika wote, maana mwaka 1999 aliwekewa nyonga ya bandia. Hata hivyo, umri ule na mzunguko ule si jambo dogo.

Utamu wenyewe uko kwenye kurudi. Itazame video yake polepole: fimbo haijamaliza safari ya nyuma, kisigino kimeshaanza kushuka. Kikikanyaga, uzito unahamia kushoto na nyonga zinaanza kufunguka, huku mabega bado yamefungwa. Misuli ya tumbo na ya ubavuni inavutika, kisha inajikaza na kukivuta kifua. Nyonga zikishafikia kasi yake ya juu hupunguza mwendo, kifua kikashika zamu. Kifua nacho kikapunguza, mikono ikachukua. Mwisho kabisa fimbo. Ni mbio za kupokezana kijiti: aliyekabidhi anapungua, aliyepokea anachomoka. Wakati huohuo mguu wa kushoto unanyooka na kuisukuma ardhi, nayo ardhi inaurudishia msukumo. Yote hayo, kwa takribani robo ya sekunde.

Mchezaji wa wikiendi huharibikiwa hapohapo. Anaanza kushuka kwa mabega na mikono, fimbo inaukatiza mpira kutoka nje kuja ndani, na mpira unapinda kwenda kulia. Nguvu anazo tele, ila zamu zimepinduliwa.

Kwa mwenye kiuno kigumu, na hasa aliyevuka miaka 50, ningeshauri akiachie kisigino bila woga. Lakini kiinuke kwa kuvutwa na nyonga zinazogeuka. Ukikiinua kwa makusudi kabla nyonga hazijageuka, mwili unayumba kulia badala ya kuzunguka, na utakapokikanyaga tena hakutakuwa na msokoto wowote wa kufungua.