Ukuta Unaopitisha Maji

Barabara ya RN1 inatoka Bujumbura, jirani na ziwa, kwenye kimo cha mita kama 800. Ikifika Bugarama, kilomita 35 hivi mbele, imeshavuka mita 2,000. Njia nzima ni kona juu ya kona, mkono mmoja mlima, mkono wa pili korongo. Malori yanashuka kwa gia nzito, vijana wa baiskeli wanateremka na ndizi na makaa kwa kasi ya kutisha, na wageni huwapiga picha. Macho yangu mimi huenda pembezoni mwa lami, kwenye masanduku ya waya yaliyojazwa mawe yanayoishika milima ya namna hii. Mafundi wanayaita gabioni.

Sisi wa mtaa wa Gihosha, Bujumbura, tunayajua kwa sababu ya mto Ntahangwa. Kingo zake ni udongo laini, na kila masika mto unakula kipande: leo ua wa jirani, kesho njia ya watoto wa shule. Gabioni ziliposhuka mtoni, nilipata nafasi ya kusimama na kutazama kazi.

Kazi yenyewe ni ya mikono mwanzo hadi mwisho. Kwanza msingi unachimbwa chini ya kitanda cha mto, maana maji hayabomoi ukuta kwa juu, yanafukua miguu yake. Kisha sanduku linakunjuliwa, kwa kawaida mita 2 kwa 1 kwa 1, na pembe zake zinashonwa kwa waya na koleo. Ndipo unapoona fundi ni nani. Mawe ya uso wa mbele hayamwagwi kwa koleo la mchanga. Anayachukua moja moja, analigeuza jiwe, analijaribu, analitoa, analirudisha kwa upande mwingine hadi likae bila kucheza. Madogo yanaziba mapengo ya ndani, ila yasiwe madogo kuliko tundu la waya, yatachopoka. Sanduku likijaa theluthi, anafunga waya wa kuvuta uso wa mbele na wa nyuma pamoja. Likifika theluthi mbili, anafunga tena. Asiyefunga, ukuta wake unaota tumbo baada ya mvua chache. Mwisho kifuniko, nacho kinashonwa tundu kwa tundu. Hakuna mpita njia atakayeziona zile waya za ndani, na fundi anazifunga vilevile.

Ninachokistahi zaidi ni akili iliyomo. Ukuta wa zege hupigana na maji: mvua ikinyesha, mlima unalewa, maji yanajikusanya nyuma ya ukuta na kuusukuma, na matundu ya kutolea maji yakiziba, siku moja unalala barabarani. Gabioni inayaacha maji yapite, inazuia udongo tu. Ardhi ikititia kidogo, nayo inajipinda kidogo bila kupasuka. Familia ya Maccaferri ya Italia iliitumia kwenye mto Reno, karibu na Bologna, katika miaka ya 1890, na hadi leo namna ya kuijaza haijabadilika sana.

Bujumbura hatuhitaji kufundishwa maji ya milimani yana nguvu gani. Usiku wa tarehe 9 Februari 2014 yalishuka na mawe na matope kwenye mitaa ya kaskazini, Kamenge na Kinama miongoni mwao, na watu zaidi ya 60 wakafa. Anayejenga chini ya milima hii anajenga akijua hayo.

Najua kuchota mawe na mchanga wa Ntahangwa ni riziki ya wengi, na sidharau riziki ya mtu. Lakini jiwe linalotolewa chini ya gabioni linafungua mlango ambao fundi aliufunga kwa jasho. Ndugu zangu, chimbeni mbali na kuta, na tukimwona mtu anakata ile waya kwenda kuiuza, tumzuie siku hiyohiyo, kabla mvua haijaanza.