Sifa ya Fundi wa Magitaa

Katika kazi zote zimpatiazo mtu riziki ya halali, ni chache zinyimwazo taadhima zinayoistahiki kama hii ya kuunda magitaa, bila ya tajiri wala mshahara. Sisi wa Butembo na Beni tumezoea kuona malori ya mbao yakishuka Kasindi kuelekea Uganda, tukahesabu faida ubao kwa ubao. Lakini fundi huyu huuchukua ubao ule ule, akaukausha kwa subira, akauranda hata ukalia ukigongwa kwa kidole, kisha akaipima shingo: urefu wa uzi, tuseme milimita 648, huugawa kwa 17.8 takriban, akatia chuma cha kwanza cha kugawa sauti milimita 36 na ziada kutoka juu ya shingo, na baki akaigawa vivyo hivyo, kwani akikosea upana wa ukucha gitaa litaimba uongo umri wake wote. Nyuzi zikiadimika, waya wa breki za baiskeli hufumuliwa.

Huko Kinshasa, Misoko Nzalayala, maarufu kwa jina la Socklo, amesifika hata ng'ambo kwa magitaa ambayo mpigaji fukara aweza kuyanunua. Na huo, kwa rai yangu, ni ustadi mkubwa kuliko nakshi. Mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco, aliyenaswa sauti na Hugh Tracey mwaka 1952, twamtaja kwa fahari. Waundaji, nani awatajaye? Nao aghalabu hulishwa na matengenezo, shingo zilizopinda na vifua vilivyopasuka, hasa vya kwaya, ambazo hulipa kwa imani kwanza.